Tuba Kwenye Makaburi ya Akina Ramey

Jumatatu, 17 Agosti 1998

Mimi Estill Ramey nina miaka sabini na tisa. Wasimamizi saba wa mgodi wamekufa nimebaki. Kampuni nne za makaa ya mawe zimekufa nimebaki. Madaktari wawili waliniapia kwamba mapafu yangu hayafiki Krismasi, nikahudhuria mazishi yao wote wawili. Nimemzika mke mmoja mwema. Hata mlima umekwisha nimebaki. Nani mwingine hapa anaweza kusema hivyo? Mlima Ramey, uliobeba jina letu, kampuni iliukata kichwa mwaka 1986 ukabaki bapa kama meza, na juu ya meza hiyo kaunti ikajenga shule yake kubwa. Mlima haupo. Mimi nipo.

Naandika kwa sababu ya ubishi. Nadine, mke wa mwanangu Royce, ndiye anayemsomesha mjukuu wangu Delphia hapa hapa nyumbani. Royce yuko Ohio kiwandani, anakuja mara mbili kwa mwezi. Leo wamefungua muhula, na Nadine akasema mwanafunzi wa nyumba hii ataandika shajara mpaka majani yaishe mitini. Nikasema hata mimi naweza. Delphia akacheka. "Babu, wewe uliishia darasa la nne." Nikamwambia darasa la nne la wakati wetu lilikuwa na uzito kuliko chuo kikuu cha leo. Basi ndiyo hii. Delphia atanyoosha herufi. Maneno hayagusi.

18 Agosti

Joto. Maharage na mkate wa mahindi.

Alhamisi, 20 Agosti

Kijana anayeitwa Lyle Fannin, mwalimu wa beni ya shule ya kaunti, amekuja mpaka huku bondeni na kagari kake kadogo, kakakwama kijitoni, nikakavuta kwa pikapu. Amesikia huku kuna msichana anayepiga tuba. Tuba ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalomzunguka mpigaji kama chatu na kufungua mdomo wake juu ya kichwa. Langu nililipata kwenye beni ya kambi ya wachimbaji. Nililipuliza miaka kumi na moja kwa sikio tu, bila kusoma noti hata moja, na kutoka hapa hadi mtoni hakuna aliyenifikia. Delphia nimemfundisha mwenyewe. Ana miaka kumi na mitano.

Fannin akasema shule ina tuba mbili mpya zimelala stoo. Mpigaji wao alimaliza shule mwezi wa tano. Beni isiyo na tuba, akasema, ni meza isiyo na mguu mmoja. Delphia akampigia. Yule kijana akakaa kwenye ngazi ya baraza kama mtu aliyeambiwa habari za urithi.

"Njoo Jumanne mazoezini," akasema.

"Hata kama sisomi pale?" Delphia akauliza.

"Mimi nataka mpigaji. Hayo mengine nitaulizia."

Kwa nini hasomi pale? Nitaandika, maana watu wana midomo. Kaunti ilifunga shule yetu ya bondeni mwaka 1991. Basi la kwenda kule juu linapita saa kumi na moja alfajiri, linazunguka milima saa moja na nusu. Msimu wa kwanza wa baridi liliteleza mara mbili. Mara ya pili gurudumu moja lilibaki likining'inia juu ya korongo, na Delphia wa miaka minane alikuwa kiti cha upande huo. Nadine akasema basi, imetosha. Nami nikasema imetosha kabla yake.

25 Agosti

Amekwenda mazoezini. Wamempima sare. Amerudi anaongea njia nzima, yeye ambaye maneno yake huwa ya kuhesabu. Ana marafiki wawili, mmoja wa ngoma, mmoja wa filimbi.

27 Agosti

Barua ya bodi ya elimu. Mtoto yeyote asiyeandikishwa katika shule ya kaunti haruhusiwi kushiriki michezo, beni, kwaya, wala shughuli nyingine baada ya masomo. Delphia aliisoma kwa sauti, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya bakuli la sukari, akaenda kulisha kuku. Ningefurahi angevunja sahani.

Jumamosi, 29 Agosti

Nimekwenda dukani kwa Denzil Stidham. Anauza misumari, na ndiye mwenyekiti wa bodi. Duka lilikuwa na watu. Ndivyo nilivyotaka.

"Denzil, mjukuu wangu ana kosa gani?"

"Hana kosa, mzee Estill. Ni kanuni."

"Kanuni kaileta nani, Musa?"

"Iko kitabuni siku nyingi. Ukitaka apige beni, mwandikishe shule."

"Yaani apande basi alfajiri akaning'inie korongoni, ndipo aruhusiwe kupuliza bomba?"

"Watoto wa wenzio wanapanda."

"Kodi ya ardhi nalipa, silipi?"

"Unalipa, mzee."

"Na zile tuba mbili za stoo mlinunua kwa nini, kwa mate yako?"

Mtu mmoja kule kwenye makopo ya rangi akacheka. Denzil akawa mwekundu mpaka masikioni. "Wewe mwenyewe umewahi kukaa kwenye bodi. Unajua kanuni ni kanuni."

Nikamwambia wakati wangu bodi ilikuwa ya wanaume wenye akili, hatukutunga upuuzi. Nikamwambia abaki na misumari yake, nitakwenda kununua yangu katika kaunti ya pili. Nimetoka bila misumari. Mlango wa banda la kuku bado unaning'inia, na nitauacha uning'inie.

Ijumaa, 4 Septemba

Nisikilizeni vizuri sasa, maana akili hii ni yangu peke yangu.

Kampuni iliponunua mlima, marehemu baba aliuza miti, akauza makaa, akauza hata chemchemi. Makaburi hakuuza. Hati inasema akina Ramey na vizazi vyao wataingia makaburini saa yoyote na kuwaenzi wafu wao kwa namna waonayo inafaa. Kampuni ikakata mlima pande zote ikaacha makaburi yamesimama kama jino moja kinywani. Makaburi ishirini na matatu, na la mke wangu Opal. Chini ya jino hilo, yadi mia na tisini kutoka lango letu, ndipo walipoweka uwanja wa mpira. Ukisimama penye kaburi la babu yangu unauona uwanja wote kama chakula kwenye sahani.

Kila Ijumaa ya mpira, beni huingia uwanjani wakati wa mapumziko. Leo tumepanda na tuba. Nani atatufukuza kwa wafu wetu?

Nikamwambia Delphia: "Tumia sikio. Ukiwasikia, piga." Hivyo ndivyo nilivyopiga mimi.

Beni ikaanza. Delphia akaanza. Halafu nikaona vichwa vya watu kwenye viti vinageuka, kisha nikasikia kicheko. Tuba ilikuwa inafika kwao imechelewa, inakokota nyuma kama mtu mlevi anayefuata maandamano. Wapiga ngoma wakapotea. Vijana wa upande ule wakaanza kulia kama ng'ombe, mooo, mooo, jukwaa zima. Fannin akakata wimbo katikati.

Delphia akaiweka tuba chini kando ya kaburi la bibi yake. Hakulia. Nikasema ni upepo.

5 Septemba

Ni upepo.

Jumapili, 6 Septemba

Si upepo. Delphia amekuja kwenye baraza na daftari la hesabu.

"Babu, ni sauti. Sauti inatembea."

"Nimesikia sauti miaka sabini na tisa, sijawahi kuiona imechelewa."

"Umewahi kumtazama mtu ng'ambo ya bonde akipasua kuni? Shoka linatua kwanza, ndipo unasikia."

Nikavuta kiti karibu na daftari lake. Ndivyo ninavyofanya mtu akiwa na haki.

Akanichorea. Muziki unachukua nusu sekunde kupanda mpaka makaburini. Tuba inachukua nusu sekunde nyingine kushuka. Ukitumia sikio, unafika kule umechelewa sekunde nzima, yaani mapigo mawili. "Sikio haliwezi kunisaidia pale," akasema. "Nitatumia jicho. Nitatazama mkono wa mwalimu Fannin, na nitapiga pigo moja kabla ya mkono. Kwangu itasikika fujo. Kwao itakuwa sawa."

"Utapigaje kitu ambacho masikio yako yanakwambia si sawa?"

"Kwa kuhesabu, Babu."

Jioni Nadine alisimama mwisho wa malisho na glovu nyeupe akipunga mkono, Delphia juu ya kilima cha ng'ombe, mimi nimekaa chini kwa Nadine kama hakimu. Mara ya tisa ilifika sawasawa. Ng'ombe wameudhika.

Jumanne, 8 Septemba

Kikao cha bodi. Nikasimama kusema. Wakasema jina huandikishwa siku tano kabla. Nikasema hivyo hivyo. Wakazima kipaza sauti. Mimi nimewahi kuita watu kutoka shimo lenye kina cha futi mia sita. Sihitaji kipaza sauti. Wakafunga kikao.

11 Septemba

Wamecheza ugenini. Nimepasua kuni zote, hata zile ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Kila gogo nimelipa jina la mjumbe wa bodi.

Ijumaa, 18 Septemba

Wajinga wote wa kaunti hii na walete masikio yao hapa.

Tumepanda saa kumi na mbili jioni. Fannin alikuwa amevaa glovu nyeupe. Sijui nani alimwambia. Delphia anaapa si yeye. Vijana wa jukwaani wakatuona, wakaanza mooo yao. Beni ikasimama. Mkono mweupe ukapanda. Kabla haujashuka, mtoto akapiga.

Pale makaburini lilikuwa jambo la kutisha kulisikia: tuba peke yake mbele, wengine wote nyuma, kama mtu anayejibu maswali kabla hajaulizwa. Nikafumba mdomo nisimharibie. Lakini niliona kule chini mooo zinakufa moja moja. Watu wakaacha kula. Wapiga ngoma wakanyoosha migongo. Nyumba ilikuwa imepata msingi wake, na walikuwa hawajui unatoka wapi. Mama mmoja alikuwa anatazama chini ya kiti chake.

Mpaka nyumbani Delphia aliendelea kuhesabu mapigo kwa kidole gotini.

21 Septemba

Mvua.

22 Septemba

Mvua. Nimemwona Denzil posta. Akasema, "Mzee, unafanya vichekesho." Nikasema, "Cheka basi." Hakucheka.

Ijumaa, 2 Oktoba

Sitaki kuandika ya leo, lakini nitaandika.

Tumepanda kama kawaida. Kabla ya mapumziko likaja gari la sherifu. Akashuka naibu wake, mtu mkubwa wa miaka thelathini na kitu, ana tochi. Kabla ya kuingia langoni akavua kofia. Nikasema moyoni huyu amelelewa.

"Jioni njema, Mzee Ramey. Nimetumwa na bodi."

"Umetumwa kuwafukuza wafu?"

"Nimetumwa kusimamisha kelele."

Nikatoa hati mfukoni, naitembeza ndani ya nailoni. Akaisoma kwa tochi, polepole, mpaka mwisho. "Kwa namna waonayo inafaa," akasema, akacheka kwa pua. "Na wafu wako wanapenda nyimbo za beni?"

"Mke wangu alipenda."

"Basi mimi sina la kuwafanyia."

Akabaki. Delphia akapiga, yule bwana kasimama mpaka mwisho, kofia kifuani. Ilipokwisha akasema, "Mtoto anajua. Inauma, eeh? Kutazama wenzio kutoka nje ya uzio."

Hapo nikamwaga yote. Nikamsema Denzil, nikaisema bodi, nikaisema kanuni ya Denzil, kanuni ya mtu mwenye moyo wa msumari.

"Kanuni ya Denzil?" akasema. "Mzee, unanitania."

"Ya nani basi?"

"Hunijui mimi. Mimi ni Arlie, mtoto wa Mchungaji Obed Sizemore. Mwaka themanini baba alikuwa anatufundisha nyumbani. Kocha aliniona nikikimbia, akataka nichezee timu. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili yangu mimi mmoja. Na aliyesimama kuitolea hoja ulikuwa wewe. Nilikaa mstari wa mbele, nimevaa suti ya kaka yangu."

Nikamwambia ni mwongo. Nilisema hivyo mbele ya mtoto, mbele ya kaburi la mke wangu, kwa sauti ya kuita watu shimoni.

Hakukasirika. Ndilo linaloniudhi mpaka sasa. Akavaa kofia nje ya lango. "Sawa, mzee. Kitabu kiko ofisini kwao. Usiku mwema, binti."

3 Oktoba

Sizemore ni mwongo.

4 Oktoba

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya bodi kumuumbua Arlie Sizemore kwa maandishi. Nikamchukua Delphia, maana mimi nasoma maandishi ya mashine tu, tena taratibu. Mwandiko wa makarani unanipita. Mwanamke wa ofisi akatuletea kitabu cha kumbukumbu cha mwaka 1980. Delphia akafungua, akapitisha kidole, akasimama. Akasoma kwa sauti ile ya somo, ya kusoma mbele ya mama yake:

"Hoja imetolewa na Bwana E. Ramey, kwamba mtoto yeyote asiyeandikishwa katika shule ya kaunti asiruhusiwe kushiriki michezo, beni, kwaya, wala shughuli nyingine baada ya masomo. Imetolewa kufuatia ombi la mtoto mmoja. Imepita, kura nne kwa moja."

Yule mwanamke akaanza kutafuta kitu kwenye droo ambacho hakikuwemo.

"E. Ramey ni nani, Babu?"

Alikuwa anajua. Alitaka niseme.

"Mimi," nikasema.

"Ni maneno yale yale ya kwenye barua. Hawakubadilisha hata nukta."

Njiani nilimwambia wakati ule mambo yalikuwa tofauti. Akageukia dirisha.

Jumatano, 7 Oktoba

Nadine amesema shajara isiyo na kweli ni karatasi za kuwashia jiko. Haya.

Royce alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa anakimbia na mpira mkononi, na alikuwa mwema, ana bidii, na mzito. Mtoto wa Obed Sizemore alikuwa anakimbia kama aliyeiba kitu. Nafasi ilikuwa moja. Mwezi wa nane kocha aliniambia, kwa upole, nimwandae Royce kukaa benchi. Mimi nilikuwa mjumbe wa bodi. Nikasimama nikasema habari za nidhamu. Nikasema nani anajua wanafundishwa nini huko kwao. Nikasema anayetaka matunda apande mti. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilisema vizuri sana, nakumbuka nilivyosema vizuri. Royce akacheza msimu mzima, akafunga mara mbili, nikakata picha gazetini.

Sikuwa nimesahau. Jambo hilo nililiweka mahali ambapo sina njia ya kupita. Nilipokuwa namtukana Denzil kwa kanuni yake, upande mmoja wa kichwa changu ulikuwa unajua, ukakaa kimya, ukaniacha nibweke.

Nina hasira na Sizemore kwa kukumbuka. Nina hasira na karani kwa mwandiko mzuri. Nina hasira na Obed, aliyetoka ukumbini siku ile na mwanawe bila kunitukana, akaninyima hata tusi la kujishikilia. Na huyu mzee mwenye kalamu ningekutana naye barabarani ningempiga.

8 Oktoba

Nimeandikisha jina langu. Siku tano kabla.

Jumanne, 13 Oktoba

Nitaandika yote kwa mpangilio, hata lile ambalo sijui nililitendaje.

Ukumbi ulijaa. Tangu tuba ilipoanza kusikika, wengine wanaosomesha watoto nyumbani walikuwa wamejitokeza: mama mwenye mapacha wanaokimbia mbio ndefu, baba mwenye binti wa kwaya, na familia mbili nisizozijua. Arlie Sizemore alikuwa mlangoni amevaa sare, kazi yake kutunza amani.

Kabla ya kikao Denzil akanivuta pembeni. Delphia alikuwa ubavuni kwangu.

"Mzee Estill, tumezungumza sisi wajumbe. Delphia ataanza kesho. Tutamwandikia barua maalumu, kwa heshima ya mzee aliyetumikia bodi. Mashindano ya mkoa ni tarehe ishirini na nne, ataenda nao. Kanuni inabaki ilivyo. Na wewe usisimame kusema."

"Kesho?" Delphia akasema. Sijapata kuona uso kama ule tangu azaliwe.

"Kesho, binti. Sare yako ipo."

Hilo ndilo nililolitaka tangu Agosti. Nililipigania, nikalipandishia kilima. Mdomo wangu ulikuwa tayari una neno ndiyo. Nikainua macho nikamwona Arlie mlangoni. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anawatazama wale mapacha, waliovaa tai zinazofanana.

"Hapana," nikasema.

"Babu!"

"Ngoja, Delphia."

Nikaenda mbele, nikasema hivi: "Mimi ni Estill Ramey. Kanuni hii mnayoiita ya siku nyingi niliitunga mimi, mwaka themanini, katika chumba kama hiki. Nilisema ni kwa ajili ya nidhamu. Nilidanganya. Ilikuwa ni kumzuia Arlie Sizemore, yule pale mlangoni, asichukue nafasi ya mwanangu, kwa sababu alikuwa anakimbia kuliko mwanangu. Sasa hivi, pale pembeni, mwenyekiti wenu ametaka kunipa upendeleo wa mtoto mmoja. Mimi ndiye fundi wa kanuni za mtoto mmoja, nazijua zinavyotengenezwa. Siutaki. Ifuteni yote, au muiache yote na muandike jina langu juu yake kwa herufi kubwa."

Nilisema vibaya. Nilikohoa katikati. Hakuna aliyetikisa kichwa.

Wakapiga kura. Tatu kwa mbili, kanuni imefutwa. Denzil alikuwa kati ya wale wawili. Kisha akasoma, kwa raha yake, kwamba mabadiliko yataanza mwaka ujao wa masomo, kwa kuwa msimu umekwisha kuanza, na kwamba barua maalumu haipo tena.

Mama wa mapacha alinishika mkono analia. Arlie alifungua mlango watu wapite. Nikapita ameushika.

Tulifika daraja la pili ndani ya pikapu. Delphia akasema, bila kupaza sauti:

"Mwaka ule ulimfungia mlango mtoto wa watu ili mwanao acheze. Leo umenifungia mimi ili roho yako itulie. Na mara zote mbili, Babu, hukumuuliza mtoto."

Niliendesha gari.

14 Oktoba

Hasemi nami.

16 Oktoba

Hasemi. Amenipitishia chumvi bila kunitazama.

19 Oktoba

Baridi kali asubuhi. Royce amekuja. Nimemwambia habari ya mwaka themanini. Akasema, "Baba, nilijua. Timu nzima ilijua. Unafikiri kwa nini sikuzitaka zile picha?" Akaenda kurekebisha mlango wa banda la kuku.

24 Oktoba

Mashindano ya mkoa. Beni yetu imekuwa ya nne kati ya tano. Delphia alisikia redioni akiwa anaosha vyombo. Akaosha sufuria moja kwa muda mrefu sana.

30 Oktoba

Hasemi. Majani yamekwisha mitini. Nadine anasema shajara inaweza kuishia hapa. Nikasema bado.

Ijumaa, 6 Novemba

Mchezo wa mwisho wa nyumbani. Saa kumi jioni nilisimama mlangoni kwa Delphia. Nilikuwa nimeshawasha gari, nikarudi nikalizima. Halafu nikafanya kitu ambacho sikumbuki kama nimewahi kukifanya kwa mtu aliye chini ya miaka ishirini.

"Delphia, unataka kwenda, au hutaki? Ukisema hapana, nakwenda kulala."

Akaweka kitabu chini. Ndiyo mara ya kwanza kunitazama kwa siku ishirini na nne.

"Unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Bado nimekukasirikia."

"Kasirika. Nimeuliza kuhusu kwenda."

"Basi nataka. Lakini utakaa kimya. Husemi sikiliza, husemi sasa, huelezi mtu habari ya hati. Na tuba nabeba mwenyewe."

Akabeba mwenyewe, paundi thelathini, kwenye matope, mimi nyuma nimeshika fimbo yangu na mdomo wangu. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka na kuyeyuka. Wale mapacha na yule msichana wa kwaya walikuwa wameshafika langoni. Wakaniomba ruhusa ya kuingia. Nikaonyesha kwa kidole kwamba mwenye ruhusa ni yeye. Akawaambia wasikanyage mawe.

Glovu nyeupe ikapanda. Akapiga kabla yake.

Nilisikia fujo tupu. Mimi ninayejua muziki kwa sikio, niliyejisifu kwa sikio maisha yangu yote, nilisimama pale na sikio langu likaniambia kila pigo si sawa, kila pigo limewahi, mwambie, mzuie. Niliuma ulimi. Niliuma kweli, nimeonja damu. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, dakika saba. Kule chini watu wakasimama kwenye viti, lakini watu husimama kwa mambo mengi.

Dakika kumi baadaye Arlie Sizemore akapanda kilima. Hakuwa na sare leo. Alikuwa na mke wake na kofia ya sufu, ambayo aliivua langoni. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa Delphia.

"Binti, nilikuwa nimekaa katikati kabisa. Sikuweza kusema tuba ilikuwa wapi. Ilikuwa ndani yao."

"Haikuchelewa?"

"Haikuchelewa. Haikuwahi. Ilikuwa sawa."

Ndipo mtoto akalia. Tangu Agosti, ndipo akalia, na akamwachia Arlie abebe tuba mpaka kwenye gari.

Jumapili, 8 Novemba

Shajara yangu inaishia hapa. Ni ndefu kuliko ya Delphia, tumepima.

Bado nina hasira. Denzil Stidham amenitumia pakiti ya misumari bila barua, nikairudisha. Mwakani mwezi wa nane Delphia atasimama uwanjani ndani ya mistari yao, na amesema mimi nitakata tiketi na kukaa jukwaani kama watu wengine. Huwa ananijibu nikimsemesha. Yeye mwenyewe bado haanzi mazungumzo. Nangoja. Sikuzoea.

Anayedhani nimetia chumvi na awaulize watu hawa. Delphia Ramey, aliyenyoosha herufi, akaliacha mahali pake kila neno lililonishtaki. Nadine Ramey, kuhusu ng'ombe na glovu. Kitabu cha kumbukumbu cha bodi, mwaka 1980, kwa mwandiko wa karani. Lyle Fannin atakana, kwa sababu ana ajira, lakini mwangalieni mikono anapokana.

Na Arlie Sizemore. Kwake nilikwenda leo baada ya kanisa, mpaka mlangoni, nikamwambia sina haki ya kumfanya shahidi wangu, ila naomba ruhusa niandike jina lake. Aliniacha nimesimama barazani muda mrefu, baridi ile, sikulalamika.

"Liandike, mzee," akasema. "Na liandike zima. Mara ya kwanza uliandika 'mtoto mmoja' tu."

Arlie Thomas Sizemore, mwana wa Obed.